Lugha kuwa na "mantiki" maana yake nini hasa?

Rafiki yangu mmoja, mtu anayejifunza Kiswahili ukubwani, alinitumia meseji: "Bado hujatuma lile faili?" Nikamjibu "ndiyo". Akatulia zake, akijua faili limeshakwenda. Kesho yake akaja juu, faili liko wapi, si ulisema ndiyo! Nikamwambia ndiyo maana yake ni ndiyo, sijatuma, wewe si ndo umeuliza kama sijatuma na mimi nikakubali kwamba ni hivyo. Akakataa katakata. Kwake yeye ukiwa hujatuma unajibu "hapana", hiyo ndo mantiki, na hapo akamalizia na ile kauli ambayo nimeshaisikia mara nyingi kutoka kwa watu wa kila aina, kwamba kuna lugha zina lojiki na kuna lugha hazina.

Hebu tuanze na hilo hilo. Anayejibu "ndiyo" anapima maneno ya muulizaji: umesema sijatuma, ni kweli, ndiyo. Anayejibu "hapana" hajali swali limeulizwaje, anaangalia tukio lenyewe: kutuma hakukufanyika, basi hapana. Zote mbili zina utaratibu, na ukishajua mwenzio anapima nini hupotei. Kijapani kinaenda na sisi, ile "hai" yao (neno lao la "ndiyo") ni kama kusema "ulivyosema ndivyo". Kiingereza kinaangalia tukio. Wafaransa na Wajerumani waliona pana shimo hapo wakaweka neno la tatu, neno "si" kwa Kifaransa na "doch" kwa Kijerumani, la kumkatalia mtu aliyeuliza kwa kukanusha: hujatuma? Doch, nimetuma. Na Kiingereza chenyewe zamani kilikuwa na maneno manne, yea na nay kwa swali la kawaida, yes na no kwa swali la kukanusha, karne zikapita watu wakayaacha yale mawili ya kwanza, na sijasikia Mwingereza akilalamika kwamba mantiki yake imepungua nusu.

Sasa neno lenyewe. Mantiki kwa maana yake ya darasani ni elimu ya kujua kama hitimisho linafuata kweli kutoka kwenye yale uliyoyatanguliza. Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki, aliiwekea misingi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita na bado tunatumia mfano wa aina ile ile. Kila ndege ana mabawa, bundi ni ndege, basi bundi ana mabawa. Inafuata. Kila ndege ana mabawa, popo ana mabawa, basi popo ni ndege. Haifuati, na haifuati kwa Kiswahili, kwa Kichina, kwa Kifini, kwa lugha yoyote utakayoichagua, kwa sababu kilichoharibika pale ni hoja, sarufi iko sawa kabisa. Sentensi ya popo haina kosa hata moja la sarufi. Yaani mantiki ni sifa ya hoja, ya mtu anavyounganisha mambo, na lugha ni chombo anachotumia kuunganishia. Ukiuliza lugha gani ina mantiki zaidi ni kama kuuliza kalamu gani ina ukweli zaidi.

Lakini watu wanapolisema hili hawasemi upuuzi mtupu, wanakuwa na kitu kichwani, tatizo ni kwamba wana vitu vitatu vinne tofauti wamevifunga kwenye neno moja. Mmoja anamaanisha lugha inafuata kanuni bila kuruka ruka. Mwingine anamaanisha haina utata, sentensi moja maana moja. Mwingine anamaanisha inafanana na hesabu. Na mwingine, nadhani hawa ndo wengi, anamaanisha tu inafanana na lugha ya mama yake.

Tuchukue la kanuni, maana hapo ndo kuna tofauti za kweli zinazoonekana kwa macho. Angalia namba. Kichina kikifika kumi na moja kinasema kumi-moja, ishirini ni mbili-kumi, thelathini ni tatu-kumi, mtoto akishajua moja hadi kumi amemaliza kazi mpaka tisini na tisa. Kifaransa cha Ufaransa kikifika 70 kinasema sitini-kumi, 80 ni nne-ishirini, 99 ni nne-ishirini-kumi-tisa, wakati Wabelgiji na Waswisi wanaosema Kifaransa hicho hicho wana septante na nonante zao nyepesi za 70 na 90. Kidenishi ndo kichekesho, 50 kwao inatokana na "nusu ya tatu mara ishirini", yaani mbili na nusu mara ishirini, ila neno limekatwa mpaka msemaji wa kawaida haoni tena hesabu ndani yake, anasema tu halftreds... samahani, halvtreds, na maisha yanaendelea.

Na sisi je? Kumi na moja, kumi na mbili, safi kabisa. Halafu ghafla ishirini. Ishirini inahusiana vipi na mbili? Haihusiani, imetoka Kiarabu, pamoja na thelathini, arobaini na hamsini. Ukifika sitini unashtuka, mbona hii inafanana na sita? Sabini na saba, tisini na tisa. Kumbe sita, saba na tisa nazo zimetoka huko huko Kiarabu, ndo maana zinaendana. Lakini nane ni ya kwetu ya Kibantu na themanini ni ya Kiarabu, kwa hiyo hapo katikati mnyororo unakatika halafu unaunga tena. Hakuna aliyekaa akapanga hivyo. Ni historia ya watu waliokutana na kuazimana maneno, na lugha yoyote ukiikwangua kidogo unakuta kitu kama hiki.

Mfano mwingine wa kwetu ambao mimi naupenda sana, chukua sentensi hii ndogo: rafiki yangu mzuri amekuja. Isome polepole. "Yangu" ni upatanisho wa ngeli ya I-ZI, kama nyumba yangu, kalamu yangu. "Mzuri" ni wa A-WA, kama mtu mzuri. "Amekuja" nayo ni ya A-WA. Neno moja, rafiki, limepatanishwa kwa ngeli mbili ndani ya sentensi ya maneno manne na hakuna Mswahili anayesikia kitu kibaya. Ukijaribu kunyoosha useme "rafiki yangu nzuri imekuja" ndo watu wanakugeukia. Maelezo yapo: rafiki kwa umbo ni nomino ya I-ZI, ila kwa kuwa ni mtu amevutwa kwenda A-WA, na vimilikishi vya watu wa karibu, mama, baba, ndugu, rafiki, vikagoma kuhama. Lakini simba je? Simba wangu. Alihama na kimilikishi chake. Na kiboko akiwa mnyama "amezama", kiboko ikiwa fimbo "kimevunjika", neno lile lile herufi kwa herufi.

Mtu wa nje anaweza kuita hiyo fujo. Mjerumani naye anachekwa kwa sababu msichana kwa Kijerumani, das Mädchen, hayuko kwenye jinsia ya kike, yuko kwenye ile ya katikati isiyo ya kike wala ya kiume. Wakati sababu ni kanuni iliyonyooka kama rula: neno lolote lenye kile kiishio cha udogo -chen linaingia huko, awe msichana, kiwe kijiko kidogo. Yaani Kijerumani hapo kimefuata umbo bila kujali maana, sisi kwa kiboko tumefuata maana bila kujali umbo. Nani mwenye mantiki zaidi? Anayeshika sheria mpaka inamletea matokeo ya ajabu, au anayeivunja ili matokeo yaeleweke? Mimi sioni jibu, naona tabia mbili.

Halafu kuna hili la kukanusha mara mbili ambalo ndo silaha ya wale wa "inafanana na hesabu". Miaka ya 1760 Mwingereza mmoja aliyekuja kuwa askofu, Robert Lowth, aliandika kwenye kitabu chake cha sarufi kwamba kanusho mbili kwa Kiingereza zinauana na kuwa kukubali. Tangu hapo walimu wameikomalia. Lakini Kihispania kila siku kinasema kitu kama "sikuona hakuna-kitu" na maana yake ni sikuona kitu, Kirusi kinaweza kupanga kanusho tatu kwa mstari, na Kiingereza cha zamani chenyewe kilifanya hivyo bila aibu, na wapo wasemaji wengi wa Kiingereza wanaofanya hivyo mpaka leo nje ya darasa. Wanasema hasi mara hasi ni chanya. Sawa, lakini nani kasema sentensi inazidisha? Ikijumlisha je? Hasi moja jumlisha hasi moja ni hasi mbili.

Kwa mtu wa Kiswahili hili ni rahisi kulielewa kuliko kwa Mwingereza. Ukisema "kitabu kikubwa kimoja kimepotea" umetamka ki- mara nne, lakini hakuna anayedhani vimepotea vitabu vinne. Ki- imerudiwa kwa sababu ya upatanisho tu, kila neno linavaa sare. Kanusho la Kihispania liko hivyo hivyo, ni sare, kitenzi kikivaa hasi na wengine wanavaa. Kwetu kanusho si sare, kwa hiyo "hakuna asiyejua" kweli inageuka kuwa kila mtu anajua. Ni utaratibu mwingine, basi.

La mpangilio wa maneno nalipita haraka. Mwaka 1784 Mfaransa aitwaye Rivarol alipata tuzo ya chuo cha wanazuoni cha Berlin kwa insha iliyodai kwamba Kifaransa ndo lugha ya uwazi kwa sababu kinataja mtenda kwanza, halafu kitendo, halafu kitendwa, na eti huo ndo mpangilio wa akili yenyewe. Kijapani, Kituruki na Kihindi vinaweka kitenzi mwisho, na ukihesabu lugha za dunia za namna hiyo ndo nyingi kuliko za namna ya Kifaransa. Na hata Mfaransa mwenyewe akitaka kusema "ninakupenda" kitendwa kinaruka kinakaa mbele ya kitenzi. Nadhani inatosha.

Utata sasa, hapa ndo penye utamu.

"Watu wote hawakuja." Nikikwambia hivyo kuhusu mkutano, ukumbi ulikuwa mtupu au walikuwepo baadhi? Jibu kwanza kabla hujaendelea. Nimewauliza watu kadhaa, wengine wanasema hakuja hata mmoja, wengine wanasema walikuja ila si wote, na kila upande unaona wa pili wamechanganyikiwa. Kanusho linapigana na "wote", lipi linamfunika mwenzake. Ukitaka kunyoosha nyenzo zipo, unasema "hakuna aliyekuja" au "si wote waliokuja", na mtu anayeandika sheria au mkataba inabidi ajue hilo. Yaani lugha haijakunyima usahihi, imekuachia tu njia ya mkato yenye shimo.

Au hii: "Juma alimwambia Ali kwamba amefaulu." Nani kafaulu? Kiswahili kinakaa kimya. Kiewe, lugha ya Ghana na Togo, hakikubali huo ukimya, kina kiwakilishi maalumu, yè, kinachotumika pale msemaji anayeripotiwa anapojisema mwenyewe, kwa hiyo ukisikia yè unajua ni Juma, ukisikia kile kingine unajua ni mtu mwingine. Nilipokisoma hicho kitu mara ya kwanza niliona wivu kabisa. Na "sisi" nayo, nikisema "sisi tumealikwa" wewe ninayekwambia umo au haumo? Kimalei kina kita ukiwa umo na kami ukiwa haumo. Sisi tunaachia mtu ajiongeze, na wakati mwingine anajiongeza vibaya.

Lakini geuza upande. Kiingereza kinamlazimisha mtu aseme kama "yeye" ni mwanamke au mwanaume, Kiswahili, Kituruki na Kifini havijali. Kiswahili kwa upande wake kinakulazimisha uchague yuko, yupo au yumo, kitu ambacho Mwingereza anakimeza kwenye kitenzi kimoja. Kituruki kinalazimisha jambo zito zaidi: ukisema fulani amekuja kwa umbo la geldi unajibebesha kwamba unajua mwenyewe, ukisema gelmiş unamaanisha umeambiwa au umegundua kwa dalili. Sisi hilo tunalo kwa hiari, tunaweka "eti", "nasikia", "inasemekana", au tunaacha na umbea unapita kama habari. Kwa hiyo kila lugha imeamua pa kuwa mkali na pa kulegea, na hakuna iliyo kali kila mahali, ingekuwa hivyo usingemaliza kusema salamu.

Tena kuna utata ambao hausababishwi na sarufi ya mtu yeyote. Tangazo linasema "mwenye kitambulisho au pasipoti aingie". Mwenye vyote viwili atafukuzwa mlangoni? Hapana, na ndivyo "au" ya wanamantiki ilivyo, inaruhusu vyote. Lakini nikikuuliza "utakuja leo au kesho?" natarajia uchague. Mtoto akiambiwa "ukimaliza mapema tutatoka" anaelewa pia kwamba asipomaliza hatutoki, ingawa kimantiki hakuna aliyemwambia hivyo. Mtoto hajakosea, kaelewa kwa nini umeisema hiyo sentensi. Kazi kubwa ya kuelewana inafanyika nje ya maneno, kwenye kujua mwenzio anataka nini.

Watu wengine wanachukua hatua ya hatari zaidi, kwamba lugha ikikosa umbo fulani basi wenye hiyo lugha wanakosa wazo. Mwanaisimu Benjamin Lee Whorf aliandika kwamba Wahopi, wenyeji wa asili wa Marekani, hawana kwenye lugha yao maneno wala maumbo ya wakati, kauli ikazunguka miaka, mpaka 1983 mwanaisimu mwingine, Ekkehart Malotki, akatoa kitabu kinene kimejaa mifano ya Wahopi wakiongelea wakati. Mwaka 1981 mtafiti Alfred Bloom alidai kwamba Wachina wanapata shida kufikiria mambo ya "ingekuwa" kwa sababu Kichina hakina umbo maalumu kama -nge- yetu. Mwaka 1983 mtafiti mwingine, Terry Au, akaonyesha kwamba hadithi alizotumia Bloom kuwapima zilikuwa zimeandikwa kwa Kichina kibovu, zikiandikwa vizuri Wachina wanaelewa bila taabu. Sisi wenye -nge- na -ngali- nusu yetu hatukumbuki ipi ni ya wakati uliopita, tunazichanganya mchana kweupe, na kujuta tunajuta vizuri tu.

Na ile habari inayozunguka mitandaoni kwamba NASA, shirika la anga la Marekani, wamethibitisha Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ndo lugha bora ya kompyuta, chanzo chake kipo. Mwaka 1985 Rick Briggs, aliyekuwa mtafiti kwenye kituo cha NASA, aliandika makala kwenye jarida la akili mnemba akieleza kwamba wanasarufi wa kale wa India walikuwa na namna ya kuichambua sentensi inayofanana na namna watu wa kompyuta walivyokuwa wanahifadhi maarifa. Sifa ni ya wanasarufi. Na wanastahili kweli, Panini zaidi ya miaka 2,000 iliyopita aliieleza lugha yake kwa karibu kanuni 4,000 fupi fupi kama fomula. Lakini lugha kuelezwa vizuri na lugha kuwa na mantiki ni mambo mawili, ni sawa na kusema mtaa wenye ramani nzuri una barabara nzuri. (Sawa na wanaolaumu tahajia ya Kiingereza wakidhani wanalaumu Kiingereza. Uturuki walibadili maandishi yote 1928, kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kilatini, na watu waliamka wakisema lugha ile ile.)

Wapo walioamua kuitengeneza kabisa lugha ya mantiki. John Wilkins alijaribu 1668, akapanga vitu vyote vya dunia kwenye makundi na kila neno likawa anwani ya kitu chake, karibu haikutumika na mtu. Mwaka 1955 James Cooke Brown alianza lugha ya kubuni aliyoiita Loglan, akitaka kupima kama lugha yenye mantiki inabadilisha kufikiri kwa mtu, na kutoka humo 1987 ikaanza Lojban, ambayo ina watu wachache wanaoizungumza mpaka leo. Hii imefika mbali kweli. Sarufi yake imepangwa hivi kwamba kompyuta inaichambua kila sentensi kwa njia moja tu, "au" ya kuchagua kimoja ina neno lake na "au" ya kuruhusu vyote ina lake, na ile "watu wote hawakuja" yangu haiwezi kutamkwa bila kuamua kwanza unamaanisha ipi.

Lakini hata humo maneno mawili yakiwekwa pamoja, moja likimwelezea mwenzake, mfano "msichana" na "shule", sarufi inakwambia kwa uhakika kabisa ni neno lipi linamwelezea lipi, ni aina fulani ya shule inayohusiana na wasichana. Inahusiana nao vipi, wanasoma humo, waliijenga, inaongozwa na wao, hapo Lojban imeacha wazi kwa makusudi. Inabidi umuulize aliyesema.